Nani alipe bili ya mbogo wetu?

Hebu fikiria hili. Januari 2014, mwindaji Mmarekani alitoa dola 350,000 kwenye mnada mjini Dallas, apate kibali cha kuua kifaru mweusi mmoja Namibia. Pesa zenyewe zilikuwa za kuhifadhi vifaru! Majirani wetu Tanzania nao huuza vitalu vya uwindaji kwa mnada.

Kenya je? Sisi tulipiga marufuku uwindaji 1977. Badala yake, Oktoba 2021 KWS ilianzisha tamasha kule Amboseli: lipa Sh500,000, umpe ndovu jina. Hakuna risasi, na ndovu anaendelea na maisha yake.

Najua, nusu milioni huna. Kodi ya nyumba hapo Kimbo tu inakutoa jasho. Lakini marufuku hailipi mshahara wa askari wa mbuga. Korona ilipofungia watalii nje, tuliona jinsi kapu linavyokauka.

Kwa hivyo wikendi moja acha nyama choma. Panda matatu hadi Thika, unganisha hadi Kilimambogo, mlima uliopewa jina la mbogo, ukate tiketi ya mbuga ya Ol Donyo Sabuk. Tulikataa pesa za mwindaji. Basi pengo hilo ni letu kuliziba.