Je, Wajua? Vyombo Vipya na Damu ya Koo
Je, wajua ya kuwa mwezi wa Januari 2001 serikali ya Uingereza, kwa kuhofia yale maradhi ya ubongo yaliyotoka kwa ng'ombe wenye kichaa, ilitenga pauni milioni 25 ili kila akatwaye mafindofindo apasuliwe kwa vyombo vya kutumiwa mara moja na kutupwa? Hofu hiyo haikuwa ya upuuzi, maana kisababishi cha maradhi hayo, protini iliyopotoka isiyo na uhai wa kuuawa, hung'ang'ania chuma na huweza kustahimili hata mvuke wa nyuzi 134. Walakini vyombo vile vipya, ambavyo madaktari wengi walivilalamikia kuwa ni hafifu mkononi, viliandamana na ongezeko la wagonjwa waliotokwa damu baada ya kupasuliwa, na kabla mwaka haujaisha vya zamani vikarudishwa katika hospitali za England. Kwani hatari ya kukisiwa, ambayo kwa njia ya vyombo vya upasuaji haijapata kuthibitishwa hata kwa mgonjwa mmoja, ilikuwa imenunuliwa kwa madhara ya dhahiri. Zile pauni milioni 200 zilizotengwa wakati huo huo kwa usafishaji bora wa vyombo, kwa rai yangu, zilikuwa na faida zaidi, kwa kuwa usafi huo huzuia pia maambukizo ya kila siku.