Kuhama na Mtoto Baada ya Talaka

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haimpi mzazi yeyote haki ya kumiliki mtoto. Kifungu cha 125 kinaitaka mahakama itangulize ustawi wa mtoto, kisha ipime matakwa ya wazazi, ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kujieleza, na mila za jamii. Huko Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, ambako wazee wengi wa Kimaasai huhesabu mtoto kuwa wa boma la baba, mila hiyo husikilizwa, lakini haiushindi ustawi wa mtoto. Mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa anafaa kukaa na mama, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo, na hakimu huangalia pia madhara ya kumhamishahamisha.

Amri ya malezi inaweza kuwekewa masharti: mtoto aishi wapi, amtembelee nani, na asitolewe nje ya Tanzania. Sharti hili la mwisho lina uzito Loliondo, kwani mpaka wa Kenya uko karibu, na koo zina ndugu upande wa Narok. Mzazi anayetaka kuhama aombe kwanza mahakama ibadilishe amri. Asiondoke kimyakimya na mtoto.