Goma: kabati ya batri inapashwa kukazwa chini, kufuli peke yake haitoshi

Mtu wa Goma akitengenezesha kabati ya chuma ya kuweka batri na konvertisa, anawaza mvua, vumbi na wezi. Fundi anaweka tole nzito, bawaba na kufuli mbili, kazi imekwisha. Tetemeko la ardhi halikumbukwi, hata na wale waliokimbia mwaka 2021.

Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi iliendelea kutetemeka siku nyingi, mara mamia, kwa sababu magma ilikuwa inasogea chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu. Barabara zilipasuka, nyumba zilianguka Goma na Gisenyi. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi akaamuru mitaa mingi iondoke. Siku kama ile, redio na simu njo zinaambia watu wapite wapi. Redio ambayo batri zake zimeanguka haisemi kitu.

Matetemeko ya kwetu si makubwa kama ya Japani, ila mengi yanatokea karibu na uso wa ardhi, ndiyo maana yanapiga vikali. Lile la tarehe 3 Februari 2008, la ukubwa wa 5.9, liliua watu Bukavu na upande wa Rusizi, Rwanda.

Sasa, kabati inaanguka juu ya nini? Chukua kabati yenye urefu wa mita 2 na kina cha sentimita 60, haikukazwa popote. Mzigo ukigawanyika sawa, katikati ya uzito iko mita 1 toka chini. Gawanya nusu ya kina, sentimita 30, kwa sentimita 100: ni 0.3. Maana yake, ikisukumwa kwa upande na nguvu ya asilimia 30 ya uzito wake, inaanza kuinuka mguu mmoja. Panda na batri kwenye rafu ya juu, katikati ya uzito ifike mita 1.5, asilimia 20 inatosha. Zishushe, ibaki sentimita 60: inahitaji asilimia 50. Batri ni zile zile, hakuna franka iliyoongezeka.

Kisha kukaza. Kwenye betoni nzuri, buloni nne chini, na chuma kingine kinachoshika kichwa cha kabati ukutani. Kwenye nyumba ya mbao, ambazo Goma ni nyingi, ukuta hauwezi kubeba mzigo huo. Heri kumwaga kwanza betoni kidogo chini, ao kuchagua kabati fupi na pana. Buloni ziangaliwe mara kwa mara: moshi wa mlima unachanganyika na mvua, inakuwa na asidi, na chuma kinaoza mbio.

Ndani pia kuna kazi. Kabati inaweza kubaki imesimama na batri zikarukaruka kwenye rafu, zikapasuka na kumwaga asidi. Zifungwe kwa mkanda ao chuma, na rafu iwe na ukingo mbele. Mlango ushikwe na komeo ya kweli. Ile ya sumaku inafunguka mtikiso wa kwanza. Nyaya nazo ziachiwe kulegea kidogo, maana waya iliyovutwa sana njo ya kwanza kung'oka, hata kama kila kitu kingine kimeshikwa vizuri.