Keloidi na Asili Yake katika Nasaba

Kila jeraha kubwa likipona huacha kovu, na kovu la kawaida hukaa ndani ya mipaka ya jeraha lenyewe. Liko kovu la namna nyingine, ambalo huvuka mipaka hiyo na kutambaa katika ngozi isiyopata kuumia, likawa gumu, likawasha na kuuma. Tena likikatwa bila ya tiba nyingine, mara nyingi hurudi. Tabibu wa Kifaransa, Jean-Louis Alibert, alilieleza kovu hili mwaka 1806, na baadaye akalipa jina lililotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya gando la kaa, kwa jinsi kingo zake zinavyonyoka pembeni. Jina hilo ndilo lililoingia katika Kiswahili kwa umbo la keloidi.

Ngozi ikipasuka, seli ziitwazo fibroblasti hutengeneza nyuzi za kolajeni ili kuziba pengo, na pengo likisha kuzibwa hupunguza kazi. Katika keloidi kazi hiyo haikomi kwa wakati wake, na nyuzi huzidi kulundikana. Basi, kwa nini watu wawili hutogwa masikio siku moja, na mtogaji mmoja, huyu akapona vizuri na yule akaota uvimbe ulio mkubwa kuliko ndewe yenyewe?

Kwa kuwa keloidi huonekana zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi, wako waliodhani kwamba rangi yenyewe ndiyo sababu. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2015 uliwalinganisha watu wenye ualbino na wenzao wasio nao. Ilionekana kwamba keloidi iliwapata wote kwa kiasi kinachokaribiana, yapata watu 8 katika kila 100. Kama rangi ingekuwa ndiyo sababu, wale waliopungukiwa nayo wangalisalimika.

Hivyo sababu yafaa kutafutwa penginepo katika nasaba. Mwaka 2001 zilichapishwa habari za koo 14 zenye keloidi. Namna ilivyopita kutoka kizazi hata kizazi ilionyesha kwamba jeni kutoka kwa mzazi mmoja yaweza kutosha. Lakini wako waliokuwa nayo bila ya kuota keloidi, wakawarithisha watoto wao. Mwaka 2004 ukoo mmoja wa Kijapani ulielekeza kwenye kromosomu ya 2, na ukoo mmoja wa Wamarekani Weusi kwenye kromosomu ya 7. Mwaka 2010 uchunguzi wa Wajapani wengi ulitaja sehemu nyingine, katika kromosomu za 1, 3 na 15.

Matokeo hayo hayapingani. Yaonyesha kwamba keloidi haina jeni moja iliyo ya watu wote, bali njia mbalimbali hufikia mwisho mmoja. Kwa hiyo neno kurithi lahitaji kutumiwa kwa uangalifu: kinachorithiwa si kovu, bali ni uelekeo wa ngozi, nao waweza kufichika mpaka ngozi iumie. Ndiyo maana kabla ya kumtoga mtoto au kumchanja chale, ni vema kuuliza habari za makovu ya wazazi, na za babu na bibi pia, maana mzazi asiye na keloidi aweza kuwa amepitisha alichopewa.