Utamu wa Asali na Mvuto wa Pombe

Wilaya ya Kaliua, iliyo magharibi mwa Mkoa wa Tabora, katika ukanda wa njia ya kale ya misafara iliyokwenda Ujiji, imezungukwa na misitu ya miyombo inayowapa warina asali mavuno mengi, na asali hiyo hiyo, ikichanganywa na maji na kuachwa ichachuke, hugeuka wanzuki, pombe inayofahamika sana Unyamwezi. Ukaribu huu wa utamu na ulevi haumo chunguni tu, kwa maana utafiti wa zaidi ya nusu karne umeonyesha kwamba umo pia katika ulimi, katika ubongo na katika jeni, yaani chembe za urithi ambazo kila mnyama hupewa na wazazi wake.

Asali yenyewe haichachuki kwa urahisi, kwa kuwa takriban asilimia 80 yake ni sukari na maji yake ni machache mno kiasi kwamba hamira, ambazo ni viumbe hai wasioonekana kwa macho, hushindwa kukua ndani yake. Maji yakiongezwa, hamira hula sukari na kutoa ethanoli, ambayo ndiyo kileo kilichomo katika kila pombe, pamoja na hewa ya kaboni dioksidi inayoleta povu. Jambo hilo hutokea pia porini katika tunda lililoiva, na kwa sababu hiyo Robert Dudley wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, amekuwa akieleza tangu mwaka 2000 kwamba harufu ya kileo iliwaongoza mababu wa sokwe na binadamu kwenye sukari. Hoja yake iliongezewa nguvu mwaka 2025, pale vipimo vya matunda yanayoliwa na sokwe wa Ngogo, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, na wale wa Taï, Afrika Magharibi, vilipoonyesha kwamba sokwe mmoja huweza kumeza takriban gramu 14 za ethanoli kwa siku.

Ushahidi ulio wazi zaidi, hata hivyo, umetoka maabara. Tangu mwaka 1959 ilijulikana kwamba koo fulani za panya hupenda pombe na nyingine huikwepa, na baadaye ikadhihirika kwamba panya wanaopenda pombe ndio pia wanaokunywa kwa wingi maji yenye sakarini, kitu kitamu kisicho na lishe yoyote, hivyo kinachowavuta ni ladha wala si njaa. Mwaka 2001 ilitambuliwa jeni inayotengeneza sehemu ya kipokezi cha utamu, yaani protini iliyo juu ya ulimi inayonasa sukari na kuipasha habari mishipa ya fahamu. Panya walioondolewa jeni hiyo, kama ilivyoripotiwa mwaka 2008, walipunguza unywaji wa pombe, jambo linalounga mkono hoja kwamba ulimi wa mnyama huisoma ethanoli, kwa sehemu, kama utamu.

Ubongo nao hupokea raha ya sukari na ya kileo kwa njia zinazoingiliana, ndiyo maana naltreksoni, dawa inayotumika kuwatibu watu waliotekwa na pombe, huwapunguzia panya hamu ya vyote viwili. Haya hayamaanishi kwamba kila apendaye asali atakuwa mlevi, kwani urithi huongeza uwezekano tu, na mazingira ya mtu yana uzito mkubwa.

Uzito huo ulionekana mwaka 1986, mtafiti wa Marekani Herman Samson alipowazoesha pombe panya wa kawaida, ambao kwa desturi huikataa, kwa kuwapa kwanza maji ya sukari, kisha kuongeza ethanoli kidogo kidogo huku akipunguza sukari, hadi wakanywa pombe isiyo na utamu wowote. Wanzuki hupita katika mfuatano huo huo pasipo mtafiti, kwa kuwa kila siku hamira hupunguza sukari na kuongeza ukali, na anayekunywa kutoka chungu kimoja tangu kikiwa kitamu hadi kikomae huzoeshwa hatua kwa hatua kama wale panya. Mzazi anayemwonjesha mtoto wanzuki changa kwa sababu bado ni tamu anampa kinywaji ambacho tayari kina ethanoli, tena katika hali ambayo ulimi wa mtoto unaweza kushindwa kuigundua.