Soketi ya Kuchajia Simu kwenye Pikipiki: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua na Kufunga

Kwa mwendesha bodaboda wa Igunga, simu ni chombo cha kazi sawa na pikipiki yenyewe. Kwa simu huitwa na abiria wa Nkinga, Ziba au Choma cha Nkola. Kwa simu hupokea nauli. Na kwa simu huomba msaada pikipiki inapokwama kwenye tope la mbuga ya Wembere msimu wa mvua. Simu ikizima chaji njiani, kazi ya siku nayo husimama. Ndiyo maana soketi ndogo ya USB inayofungwa kwenye usukani imekuwa bidhaa yenye kutafutwa.

Tunaandika makala haya kwa sababu kifaa hicho, kikifungwa vibaya, chaweza kumaliza betri, kuharibu simu au kuteketeza pikipiki ambayo mwendeshaji bado anailipia. Madhara hayo yanaweza kuepukika, na kinga yake haina gharama kubwa.

Je, pikipiki ina umeme wa kutosha?

Pikipiki nyingi za abiria hutumia betri ya volti 12, na betri hiyo ni ndogo. Tuchukue mfano wa betri ya ampia-saa 5. Ikijaa, ina nishati ya wati-saa 60. Simu yenye betri ya miliampia-saa 5,000 huhitaji takribani wati-saa 19 ili ijae, na kwa kuwa umeme mwingine hupotea njiani kama joto, betri ya pikipiki italazimika kutoa wati-saa 24 hivi. Kwa hesabu hiyo, kujaza simu moja huku injini imezimwa hula sehemu mbili kwa tano za betri. Simu ya abiria ikifuata, selfu inaweza kukataa kuwasha injini.

Injini inapowaka hali ni tofauti, kwa kuwa betri hujazwa wakati huohuo. Soketi yenye kutoa volti 5 na ampia 2 huipa simu wati 10. Ukijumlisha na upotevu, mzigo wake ni kama theluthi moja ya taa ya mbele ya wati 35. Mzigo huo hubebeka. Usibebeke kwa urahisi ni ule wa soketi kubwa ya mviringo, kama ya kuwashia sigara kwenye magari, ambayo humshawishi mtu kuchomeka pampu ya upepo au redio kubwa. Kanuni ni moja: chaji simu injini ikiwa inafanya kazi, na chaji simu tu.

Umeme uchukuliwe wapi?

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Fundi mwenye haraka hukata waya wa taa ya mbele kwa sababu uko karibu na usukani. Katika baadhi ya pikipiki, taa hiyo haipati umeme kutoka kwenye betri, bali moja kwa moja kwenye koili za injini. Umeme huo ni wa mkondo geu, nao hupanda na kushuka kwa kufuata kasi ya injini. Dalili yake ni taa kung'aa unapovuta mafuta na kufifia unapoachia. Soketi iliyotengenezwa kwa ajili ya betri ya volti 12 inaweza kuungua ikiunganishwa hapo, na simu iliyochomekwa inaweza kuharibika.

Mwombe fundi wako azingatie mambo yafuatayo:

1. Waya chanya utoke kwenye betri na uwekewe fyuzi yake, karibu na betri kadiri inavyowezekana. Kwa soketi ya wati 10 hadi 18, fyuzi ya ampia 3 inatosha. Kazi ya fyuzi ni kukata umeme endapo waya utachubuka na kugusa chuma. Ikiwekwa mbali, kipande cha waya kilicho kati yake na betri hubaki bila ulinzi, na kipande hicho mara nyingi hupita chini ya tangi la mafuta. Fyuzi ikikatika, tafuta chanzo. Usiweke kubwa zaidi wala kuiunga kwa kipande cha waya.

2. Umeme upitie kwenye rilei inayowashwa na ufunguo wa pikipiki. Soketi isiyozimika hula umeme hata kama hakuna simu. Ikila miliampia 20 tu usiku na mchana, hiyo ni karibu nusu ampia-saa kwa siku. Pikipiki yenye betri ya ampia-saa 5 ikilala siku kumi bila kuwashwa, betri itakuwa tupu.

3. Waya upite mbali na bomba la moshi, na uachwe na ulegevu kidogo kwenye shingo ya usukani. Kabla ya kulipa, zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto, uone kama waya unavutika au kubanwa.

4. Maungio yabanwe kwa viungio vyake na kufunikwa. Waya uliosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu hulegea kwa mtikisiko wa barabara za vumbi, na ungio lililolegea hupata joto.

5. Soketi iwe na mfuniko wa mpira, wala isielekee juu, ili maji na vumbi visiingie.

Ununue kifaa cha namna gani?

Soma maandishi yaliyo kwenye kifaa na kifungashio chake. Yaoneshe jina la mtengenezaji, volti zinazoingia na volti na ampia zinazotoka. Maneno "chaji ya haraka" yasiyofuatana na tarakimu hayakuelezi lolote. Muuzaji akiwa na mita ya umeme, mwombe akipime mbele yako: soketi ya kawaida ya USB hutakiwa kutoa kati ya volti 4.75 na 5.25. Ukiona alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), hakikisha imo kwenye bidhaa au kifungashio chake, si kwenye bango la duka.

Dhamana, mkataba na risiti

Ikiwa pikipiki ni mpya, soma masharti ya dhamana kabla waya wowote haujakatwa, kwani mabadiliko katika mfumo wa umeme yanaweza kuifuta. Ikiwa ni ya mkataba, bado si mali yako kamili. Pata ridhaa ya mmiliki kwa maandishi. Ikiungua kabla hujamaliza malipo, mabishano ya kwanza yatakuwa ni nani aliruhusu waya huo.

Dai risiti ya kielektroniki ya kifaa. Kwa kazi ya fundi, omba karatasi yenye tarehe, jina lake, alichofunga na mahali alipounganisha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza bidhaa bandia. Hata hivyo, ni vigumu kwa mlaji kuthibitisha madai yake bila ushahidi. Kifaa kikiharibika, kirudishe kwa muuzaji kwanza, ukiwa na risiti. Asipokusikiliza, andika malalamiko kwa Tume ya Ushindani (FCC), au umwone afisa biashara wa halmashauri yako.

Mwisho, siku ya kwanza baada ya kufunga, chaji simu kwa dakika 15 injini ikiwaka, kisha zima na uguse waya, fyuzi na soketi. Uvuguvugu kwenye soketi ni wa kawaida. Waya wenye moto mkononi, au harufu ya plastiki, ni sababu ya kuchomoa fyuzi palepale na kumrudia fundi.