Arusi ya Pili Haina Kungwi

Katika miji yetu ya pwani mwanamwali akiolewa mtaa mzima hujua. Husingwa kwa singo, hupakwa hina na piko mikononi na miguuni, na kungwi wake humkalia kitako akamfunda mambo ya nyumba na mambo ya chumba. Kisha hupambwa akatolewa nje wanawake wamtazame. Lakini mwanamke huyo huyo akiachwa, au akifiwa na mumewe, na baada ya miaka akaposwa tena, mambo huwa mengine kabisa. Ndoa hufungwa baada ya sala ya Isha, watu wanane au kumi, kahawa chungu na halua, basi. Asubuhi jirani huuliza, "Kwani Fulani ameolewa?" na anayejibu hujibu kwa sauti ya chini, kama atoaye habari ya mtu aliyepelekwa kituo cha polisi.

Sisemi kuwa ngoma ni wajibu. Wengi wa wanawake hao wenyewe hawaitaki, na gharama za arusi siku hizi kila mtu azijua. Neno langu ni juu ya hiyo sauti ya chini, na zaidi juu ya huyo kungwi asiyeitwa.

Ukiuliza mbona mtalaka hafundwi, utaambiwa, "Afundwe nini naye? Si anajua?" Anajua nini, msomaji? Anajua mume mmoja. Anajua hasira za huyo mmoja, kimya chake, na namna alivyoufunga mlango akirudi usiku. Mafunzo hayo ndiyo anayokwenda nayo katika nyumba ya pili, na hakuna mtu aliyemketisha akamwambia lipi achukue na lipi aache.

Mimi nilifiwa na mke wangu baada ya kukaa naye miaka 22. Arobaini haijatimia, wazee wa barazani walikuwa wamekwisha nitafutia wake watatu. Mwanamume hana eda, na watu wetu wameifahamu ruhusa hiyo kama kwamba ni amri. Nilikaa miaka mitatu. Mwisho nilimposa mwanamke mtalaka mwenye watoto wawili, tukaozwa usiku kama ilivyo ada. (Haya naandika kwa idhini yake, na mambo mawili ameyafuta.)

Siku za mwanzo, nikichelewa kazini, nilikuwa nikimkuta amesimama jikoni na maelezo yake tayari, ya mambo ambayo sikumuuliza. Nikinyamaza, na mimi nikitunga huweza kukaa saa nzima sijafumbua kinywa, yeye huanza kuhesabu makosa yake. Nami upande wangu nilikuwa nikigutuka usiku, mkono ukimtafuta mtu upande wa ukutani alikokuwa akilala marehemu, ilhali huyu alilala upande wa mlangoni. Kuhusu mambo ya chumba nitasema hili tu, kwamba vijana wa fungate huoneana haya kwa kutojua, na sisi tulioneana haya kwa kukumbuka. Kila mmoja alichelea kupimwa kwa mizani ya mwenziwe aliyepita.

Aliyetufaa ni kungwi wake wa usichanani, bibi mkongwe ambaye hakungoja kuitwa. Alikuja akakaa kwetu siku tatu. Sikuambiwa aliyomweleza mke wangu, wala si haki yangu kuyajua. Mimi aliniita uani akaniambia, "Mwanangu, muulize. Usidhani wajua apendalo kwa sababu ulimjua mwenzake." Basi nikawa namuuliza, hata mambo madogo: chai ya mkandaa au ya maziwa, taa iwake au izimwe. Ilichukua miezi mpaka akaacha kusimama nikiingia.

Nastaajabu zaidi nikikumbuka tuliyosomeshwa chuoni. Katika fikihi yetu ya Kishafii, mwali akinyamaza kimya chake ni ridhaa, lakini mwanamke aliyekwisha kuolewa ni lazima aseme kwa ulimi wake kwamba amekubali. Sheria imempa sauti huyo, na mtaa ndio unaomnyamazisha. Bi Khadija (R.A.) alikuwa amekwisha kufiwa na waume kabla ya kuolewa na Mtume (S.A.W.), na ni yeye aliyepeleka neno la posa. Bi Ummu Salama (R.A.), aliyefiwa na mumewe kwa jeraha la Uhud, alipoposwa na Mtume alitaja nyudhuru zake waziwazi: ana wivu, umri umekwenda, na ana watoto. Hakukemewa. Alijibiwa udhuru mmoja mmoja. Naye Bi Subaya wa kabila la Aslam alijifungua muda mfupi baada ya kifo cha mumewe, akajipamba kwa ajili ya wachumba. Mtu mmoja akamlaumu. Alipokwenda kumuuliza Mtume, aliambiwa kwamba eda yake imekwisha na yu huru kuolewa.

Eda yenyewe ni lazima ihishimiwe. Mjane hukaa miezi 4 na siku 10, mtalaka apataye hedhi hukaa tohara tatu, na mjamzito mpaka ajifungue. Mjane aliye edani aweza kudokezewa kwa fumbo, si kuposwa waziwazi wala kupeana ahadi za siri. Mtalaka ambaye mumewe bado ana haki ya kumrejea hadokezewi kamwe. Siku hizi ukuta huo umetobolewa na simu: eda haijesha, na saa sita za usiku ujumbe wa "umelala?" umekwisha fika. Mwanamume wa namna hiyo simwamini, hata awe imamu.

Liko na jambo la karatasi. Wako wanaume watamkao talaka kwa mdomo wakaenda zao, na mwanamke akipata mchumba hana cha kumwonyesha. Mahakama za Kadhi, ambazo Katiba ya 2010 imezitambua, zina uwezo juu ya ndoa na talaka za Waislamu wanaokubali kufika mbele yake. Aende huko mapema talaka ithibitishwe, asingoje mpaka mposaji awe mlangoni.

Yule bibi mkongwe, siku aliyokuwa akiondoka kwetu, nilimuuliza ni arusi ngapi za mara ya pili alizoitwa katika umri wake wote wa ukungwi. Alianza kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akafika cha tatu, akavaa buibui lake.